Sahani Kwanza, Sindano Baadaye

Nimestaafu uuguzi nikiwa na miaka thelathini na tano. Mkitaka kucheka, chekeni. Hakuna aliyenifanyia sherehe wala kunipa mabati, na pensheni sina. Nilivua sare ya wodini, nikaifua, nikampa binamu yangu ambaye bado yumo kazini, basi. Sasa ninyi mnaoanza mafunzo kwa vitendo mnapita ofisini kwangu mpakani Kasumulu, mnakuta napanga safari za malori, mnaniuliza, "Kaka, ni kweli ulikuwa nesi?" Ni kweli. Na kwa kuwa mwalimu wenu ameniomba niwaandikie juu ya upungufu wa watumishi hospitalini, nitaandika, ingawa nadhani alitarajia kitu kingine.

Nianze na neno lenyewe. Nilipohitimu shahada nilirudi nyumbani Kyela nikakaa miaka mitatu nikianika kokoa ya baba. Redio ilikuwa ikisema wauguzi hawatoshi. Tulikuwa wanne wenye vyeti vya uuguzi tuliokutana sokoni kila Jumamosi kucheza drafti, na kila redio iliposema hivyo mmoja wetu alinyoosha mkono juu kama mwanafunzi darasani: "Mimi hapa, mwalimu." Wauguzi walikuwepo. Nafasi za kuwaajiri ndizo hazikuwepo. Mambo hayo mawili yanatajwa kwa neno moja, na mtu akikutajia neno hilo muulize anazungumzia lipi. Huku kwenye malori ni hivyo hivyo. Kila tajiri analia kwamba madereva wa kuvuka mpaka hawapatikani, na nje ya geti kuna vijana kumi wenye leseni wanaoambiwa walete uzoefu. Uzoefu wakautoe wapi, dukani?

Hatimaye nilipata mkataba wa mwaka mmoja katika hospitali ambayo sitaitaja, nikapangiwa wodi ya wanaume. Siku ya kwanza niliingia na kipima joto na karatasi, nikaanza na kitanda cha kwanza kama nilivyofundishwa: jina, umri, unaumwa wapi. Wazee wakanitazama tu. Kufika kitanda cha nne nilikuwa sijapata jibu hata moja la maana. Mama Tupoki alikuwa akipiga deki. Huyu alikuwa mhudumu wa wodi, mwanamke wa makamo aliyefanya kazi pale tangu mimi sijaanza shule. Akaegemeza fagio ukutani, akaja.

"Mwanangu, umelala na hawa wazee?"

"Hapana, mama."

"Basi waulize wamelalaje."

Akanionyesha. Akainama kwenye kitanda cha kwanza, akashika mkono wa mzee kwa mikono yake miwili, "Mugonile, tata," yaani umelalaje, baba, na mzee akaanza: yeye amelala, nyumbani wamelala, ng'ombe wamelala, mvua vipi huko. Salamu za kwetu ni ndefu. Mimi nikaangalia saa. Alipomaliza akaniambia pembeni, "Yule wa kwanza ana homa, mkono unaunguza. Anapumua haraka, nimehesabu akisimulia habari za ng'ombe. Na jana hajakojoa, amesema mwenyewe bila kuulizwa. Wewe karatasi yako inasema nini?"

Karatasi yangu haikusema kitu. Kuanzia siku hiyo nikawa nasalimia. Jifunzeni kupima mapigo ya moyo ndani ya salamu. Chuoni hawafundishi, na hakuna kifaa kinachoharibika.

La pili alilonifundisha ni kwamba wodi haikuendeshwa na sisi. Zamu ya mchana nilikuwa peke yangu na Mama Tupoki, wagonjwa ishirini na saba kwenye vitanda ishirini. Mimi nilichoma sindano, nilifunga vidonda, nilijaza mafaili. Lakini nani aligeuza mgonjwa, nani alimwogesha, nani alimlisha, nani alipiga kelele dripu ilipokwisha? Ndugu. Kila kitanda kilikuwa na mtu wake: mke, kaka, shangazi. Watu hawa hawapo kwenye orodha ya watumishi, hawapo kwenye ripoti ya mwezi, na wakiondoka saa moja tu wodi inasimama. Niliwaona kila siku, na sikuwahi kujiuliza wao ni akina nani.

Hapo ndipo lilipo kosa langu, na ndilo hasa nililokaa kuwaandikia.

Mzee Asajile wa Mwaya aliletwa akiwa amepooza upande wa kulia, na sukari yake ilikuwa juu. Alikuwa mkulima wa mpunga na kokoa, mkali, mwenye mzaha. Mimi aliniita "daktari" kwa dhihaka, kwa sababu hakuamini kwamba mwanamume anaweza kuwa nesi. "Daktari, wewe baba yako anajua unakofanya kazi?" Nilimwambia anajua. "Na hajaugua?"

Mke wake alishafariki. Binti zake wameolewa mbali. Mwanawe mmoja, Lusajo, alikuwa dereva wa lori la mbolea linalokwenda Lilongwe. Alimleta baba yake asubuhi, akakaa siku mbili, akaondoka akikimbia maana gari lilikuwa limeshapita forodhani. Nilimuuliza kwa nini asiombe mwenzake amshikie safari. Akasema, "Bosi hana mwingine wa kunipokea." Nikamwambia, kama hana mwingine, basi hawezi kukufukuza. Akanitazama kama mtoto. "Nikiliacha gari nafukuzwa leo, na mwingine anapatikana kesho." Nimefanya kazi kwenye malori miaka kadhaa sasa, na bado sijapata mtu wa kunieleza hesabu hiyo.

Akabaki mke wa Lusajo, Atupele, mwenyeji wa Lyulilo, kule ziwani wanakouza vyungu. Na Mzee Ambakisye, mdogo wa mgonjwa, aliyekuja kutoka Njisi. Siku za kwanza Mzee Ambakisye ndiye aliyemlisha kaka yake. Kisha akapata msiba Matema, akaenda kuzika.

Siku mbili baada ya kuondoka kwake, mchana, nilimkuta Atupele nje ya dirisha la wodi, ameshika hotipoti, amejifunika kitenge kichwani. Nikamuuliza kupitia nondo za dirisha, "Wewe ni nani wa Mzee Asajile?"

"Mkwe wake."

"Vizuri. Namchoma insulini sasa hivi. Baada ya nusu saa lazima awe amekula. Umeelewa?"

"Nimeelewa, dokta. Lakini chakula..."

"Chakula si umekuja nacho?"

"Ninacho."

"Basi mlishe."

Akaitikia. Nikarudi kitandani, nikamchoma mzee, nikaandika saa kwenye faili.

Najua baadhi yenu mmeshaona, hasa mliozaliwa huku. Kwa desturi ya Kinyakyusa mke wa mtoto hamkaribii baba mkwe. Hamtazami usoni, haingii alipo, hata jina lake halitaji. Ni heshima, na heshima hiyo ina masharti kama sheria. Mimi pia nilizaliwa huku. Lakini mama yangu alikuwa akimpa babu chai mkononi, kwa sababu babu alikuwa mzee wa kanisa na alishasema siku ya harusi kwamba hataki kukimbiwa ndani ya nyumba yake. Nikaenda chuo kikuu, nikaandika hata insha moja kuhusu mila zilizokufa, na hii ya mkwe niliiweka humo. Nilipata alama nzuri. Kwa hiyo Atupele aliposema "mkwe", nilisikia "ndugu".

Kumbe siku zote mbili tangu Mzee Ambakisye aondoke, Atupele alikuwa na mpango wake. Kitanda cha jirani alilazwa kijana aliyevunjika mguu, na kaka yake alikuwa akimuuguza. Atupele alipitisha chakula dirishani, huyo kaka akampokea, akamlisha mzee, akarudisha vyombo. Mpango mzuri, kimya, haukumsumbua mtu. Asubuhi ya siku hiyo daktari alimruhusu yule kijana wa mguu. Karatasi za ruhusa nilizijaza mimi, nikawatakia safari njema, nikafurahi kwamba nimepata kitanda. Niliondoa mikono iliyokuwa ikimlisha Mzee Asajile na sikujua kwamba mikono hiyo ipo.

Mama Tupoki alikuwa ametumwa stoo kufuata mtungi wa oksijeni. Na mimi, kabla nusu saa haijaisha, niliitwa chumba cha vidonda. Aliyeletwa alikuwa utingo wa lori, vidole viwili vimebanwa na mlango wa tela. Alikuwa mchangamfu kuliko maumivu yake.

"Dokta, shona haraka, foleni inasogea."

"Utakaa hadi dripu iishe."

"Nipe tu nikamalizie njiani. Nitaitundika kwenye kioo."

"Kaa chini."

"Dereva wangu yuko peke yake, dokta. Akisinzia nani atampiga kofi?"

Nikacheka, nikashona. Nilipita kwenye korido mara moja kufuata uzi, nikamwona Atupele bado yuko palepale dirishani, mgongo ukiwa umeelekea wodi.

"Ameshakula?"

"Bado kidogo, dokta."

"Fanya haraka."

Nikaendelea. Kwa "bado kidogo" hiyo alimaanisha anasubiri mwanamume yeyote apite. Waliopita walikuwa wawili, mmoja alimwambia ana haraka, mwingine alikuwa daktari, na Atupele akaogopa kumsimamisha.

Niliporudi wodini Mzee Asajile alikuwa amelowa jasho, shuka lote. Nikamshika mkono: baridi, unatetemeka. Nikamwita, akaanza kumfukuza ng'ombe kwenye mpunga, kwa Kinyakyusa, kwa sauti ya kulegea. Sukari ilikuwa imeshuka mno. Mtu wa namna hiyo humpi kitu mdomoni, atapaliwa. Nikatafuta mshipa, ukanikimbia mara mbili, mara ya tatu ukakubali, nikasukuma glukosi polepole. Zile dakika sikumbuki nilifikiri nini. Nakumbuka nilisikia mfuniko wa hotipoti ukigongana na nondo za dirisha.

Mzee akafumbua macho.

"Daktari."

"Naam, tata."

"Nani kanimwagia maji?"

Mama Tupoki alirudi na mtungi, akaona hali. Alimbadilisha mzee shuka, akampokea Atupele chakula, akamlisha. Kisha akanikuta naandika.

"Ulimuuliza yule binti ni nani yake?"

"Nilimuuliza. Akasema mkwe."

"Ukalifanyia nini jibu lake?"

Nilikuwa najaza fomu ya taarifa ya tukio. Niliandika: "Ndugu wa mgonjwa hakumlisha kama alivyoelekezwa." Someni tena sentensi hiyo. Haina neno la uongo hata moja. Niliipenda kwa sababu hiyo.

Kesho yake Mzee Ambakisye alirudi kutoka msibani. Inchaji, yaani muuguzi mkuu wa wodi, akamweleza kilichotokea kama kilivyoandikwa kwenye fomu. Angemweleza vipi tena? Mzee Ambakisye akaja hadi kitandani kwa kaka yake, akasimama, akazungumza kwa sauti ambayo wodi nzima ilisikia, na dirishani pia.

"Nilisema. Lusajo nilimwambia asiende kuoa kwa wauza vyungu. Mtu anaachwa na mgonjwa siku mbili tu, anamwacha afe na njaa, chakula kakishika mkononi. Lusajo akirudi nitakaa naye. Huyu arudi kwao Lyulilo."

Nilitazama dirishani, nikaona kitenge tu.

Mama Tupoki alikuwa amenieleza mapema asubuhi hiyo jambo ambalo sikulijua. Atupele si Mnyakyusa, ni Mkisi, kabila la huko ziwani. Siku aliyoolewa mashangazi wa mume walimweka chini wakamwambia, sisi tunakuangalia. Wapo wanawake wa Kinyakyusa wanaopeleka chai kwa baba mkwe siku hizi na hakuna anayesema kitu. Yeye hakuwa na nafasi hiyo. Angeingia wodini angeambiwa hana adabu, ameletwa kutoka ziwani hajafundwa. Hakuingia, akaambiwa muuaji. Nami ndiye niliyemweka hapo, kwa sentensi yangu isiyo na uongo.

Nikifikiria sasa, ningeweza kunyamaza. Mkataba ulikuwa umebaki miezi minne na nilikuwa nataka uongezwe. Nikiwaambia kwamba sikuwaza mkataba nitakuwa nawadanganya. Niliuwaza sana, nikiwa nimesimama na trei ya dawa mkononi.

"Tata," nikamwambia Mzee Ambakisye, "kosa ni langu."

"Kosa gani?"

"Nilimchoma sindano kabla chakula hakijafika mdomoni. Nilimwambia binti amlishe nikijua ni mkwe wake. Na aliyekuwa akimlisha aliondoka na ndugu yake asubuhi ile ile, karatasi za ruhusa nilizijaza mimi."

"Wewe ni wa wapi?"

"Wa hapa hapa."

"Wa hapa hapa na hujui mkwe?"

"Nilijua. Sikufikiri."

"Na walikusomesha," akasema. Hilo tu.

Fomu niliiandika upya. Barua ya onyo ilikuja, na mkataba ulipoisha haukuongezwa. Msiunganishe hayo mawili haraka. Mwaka huo mikataba ya wengi haikuongezwa, hata ya wasiokosea kitu, na wiki ile ile niliyoondoka redio ilisema wauguzi hawatoshi. Kilichobaki kwangu ni kanuni moja niliyoifuata miezi ile minne, nanyi ifuateni: insulini haitoki kwenye chupa mpaka sahani iwe mapajani kwa mgonjwa na umemwona mwenye mkono wa kumlisha. Usiulize kama ndugu yupo. Uliza ndugu gani, anaweza kugusa nini, na atakuwepo mpaka saa ngapi. Inachukua dakika moja. Mtasema hamna dakika moja. Najua.

Lakini siku ile mambo hayakuishia kwangu kukiri. Mzee Ambakisye alikuwa bado amesimama. Kosa limehama, lakini tatizo liko palepale.

"Haya," akasema, "na mimi kesho narudi Njisi, mpunga wangu unaliwa na ndege. Nani atamlisha?"

"Nitamlisha mimi," nikasema.

Mzee Asajile, ambaye muda wote alikuwa amefumba macho tukidhani amelala, akauliza, "Na hawa wengine?"

"Wengine gani, tata?"

"Hawa." Akazungusha macho wodini. "Ukikaa hapa na kijiko, yule wa dripu nani atamtazama? Na yule wa mlangoni anayelia?"

Nimekwenda semina kadhaa za upungufu wa watumishi baada ya hapo, hata moja ya wasafirishaji wa mizigo, na swali lile hakuna aliyelijibu vizuri kuliko ukimya wangu.

"Mwite binti aingie," Mzee Ambakisye akasema, safari hii kwa sauti ya chini. "Kaka, ukimruhusu wewe mwenyewe, ataingia. Wengi wameacha siku hizi."

Mzee Asajile akajisogeza kwenye mto.

"Nikimruhusu mimi," akasema, "wewe utanyamaza. Na dada zetu, watanyamaza?"

Wanawake hao niliwaona baadaye walipokuja kumsalimia, na naelewa kwa nini Mzee Ambakisye hakujibu.

"Kila mtu Mwaya atasema binti aliingia alipolala baba mkwe wake hospitalini. Watasema mpaka nife, na nikifa watasema ndicho kilichoniua." Akapumua. "Daktari, nisogezee hiyo meza. Lete chakula. Niwekee kijiko huku."

Alikuwa akionyesha mkono wa kushoto, ule mzima. Tangu siku ya kwanza tulikuwa tumemwambia ajaribu nao, na kila mara alitukatalia kama tunaomwomba avue nguo hadharani. Mzee wa heshima hali chakula kwa mkono wa kushoto. Hata mtoto akifanya hivyo mbele yake anapigwa kwenzi.

"Kaka," Mzee Ambakisye akasema.

"Geuka huko kama hutaki kuona."

Akageuka. Akasimama akiutazama ukuta, mikono nyuma, kama mtu anayesoma tangazo. Wagonjwa wa vitanda vya karibu nao wakapata mambo ya kutazama kwingine. Mzee Asajile akachota wali, ukamwagika, akachota tena. Mkono ule haukujua kazi. Tonge la kwanza lilifika kidevuni, la pili shavuni, la tatu likaingia. Nilinyoosha mkono kumsaidia, akanikata jicho. Nikaenda kumtazama yule wa dripu.

Ilimchukua karibu saa nzima, na shuka lililazimika kubadilishwa tena. Mama Tupoki alikusanya vyombo akavipitisha dirishani. Atupele alipokea hotipoti, akaipima uzito kwa mkono kabla ya kuuliza chochote.

"Amekula?"

"Amekula."

"Nani kamlisha?"

Mama Tupoki akageuka kutazama kitandani, ambako mzee alikuwa akijifuta kidevu kwa kona ya shuka, na mdogo mtu bado anatazama ukuta.

"Amekula mwenyewe," akasema. "Kesho usiweke mchuzi mwingi."